Harambee Bila Mgeni wa Heshima

Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wetu wa mwaka, Nairobi, Agosti 2025



Nianze na kadi ya mwaliko. Wengi mmeona imeandikwa "Mgeni wa Heshima" halafu mbele yake pana vidoti tu. Mchapishaji si wa kulaumiwa, vidoti vile ni vya kamati. Mnakumbuka Julai 2024, baada ya vijana kuingia barabarani, Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena harambee. Tangazo hilo limeshikwa wapi na limesahauliwa wapi, nyote mna macho. Sisi kamati yetu iliamua kulishika, nusu kwa uadilifu, na nusu kwa sababu waheshimiwa watatu tuliowapigia hawakuishika simu.

Basi nafasi ikabaki, na katibu akaniambia, "Wewe mhasibu, sema kitu." Nikamuuliza kitu gani. Akasema chochote kisichozidi nusu saa, mradi watu watoe pesa mwishoni. Nimechagua kuzungumza juu ya nyumba, mikopo ya nyumba na kura. Najua humu ndani tuna watu wa vyama vyote, na wengine wenye vyama viwili kulingana na mwezi. Sitagusa chama cha mtu. Lakini nyumba mbili za wauguzi pale zahanati yetu zimesimama kwenye linta tangu Julai 2022, na tarehe 10 Agosti 2027 tunarudi kwenye debe. Nikiyaangalia mambo hayo mawili pamoja, kama mtu wa vitabu vya hesabu, sipati usingizi mzuri.

Mwaka 1992 nilikuwa darasa la sita. Baba yangu mdogo alikuwa karani bandarini Mombasa na alikuwa amechukua mkopo akanunua nyumba ndogo Mikindani. Katika ukoo wetu yeye ndiye wa kwanza kumiliki nyumba yenye namba mlangoni. Tukienda kwake likizo tulikuwa tunaisoma ile namba kwa sauti kama tunasoma Biblia. Kila mwisho wa mwezi makato yanatoka kwenye mshahara, yeye anakunywa chai bila wasiwasi, na baba alikuwa akitwambia, "Mwangalieni ndugu yangu, analipa kodi kwa nafsi yake."

Ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini. Wenye umri wangu na zaidi mnakumbuka pesa zilivyotembea. Noti ya mia tano ilipata jina la kupanga, ikaitwa Jirongo, na mpaka leo wapo wazee ambao ukiwapa mia tano watakwambia "asante kwa Jirongo". Siku moja kabla ya Krismasi baba mdogo alirudi kutoka mkutanoni akiwa nayo moja. Hakuwa ameiomba, alikuwa amesimama tu mahali sahihi. Siku hiyo tulikula nyama na wali, na mimi nikanunuliwa viatu vya shule. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, na nilivipenda mno.

Tarehe 29 Desemba watu wakapiga kura. Mwaka uliofuata, 1993, pesa zile zikarudi kudai. Ni hivi: fedha nyingi zilikuwa zimeingizwa mkononi mwa watu bila mali nyingi zaidi ya kununua, na juu yake kulikuwa na mabilioni yaliyotoka kwa njia ya Goldenberg, ambayo tume nzima ilikuja kuundwa kuyachunguza. Bei zikapanda. Mfumuko wa bei mwaka huo ulifika karibu asilimia 46. Ili kuzivuta pesa zile zitoke mtaani, serikali ikaanza kuuza dhamana zake za siku 91 kwa riba ambayo hata leo nikiiandika natazama mara mbili kama nimekosea nukta: katikati ya 1993 ilipita asilimia 80.

Sasa jiwekeni mahali pa mwenye benki. Serikali inakopa kwako, haitoroki, na inakulipa asilimia 80. Halafu kuna karani wa bandari, ana watoto wanne, anakulipa riba ya zamani ya nyumba ya Mikindani. Utafanya nini? Mkataba wa baba mdogo ulikuwa na mstari mmoja mdogo uliosema riba inaweza kubadilishwa. Barua zikaanza kuja. Ya kwanza aliisoma, ya pili akampa baba amsomee, ya tatu hakuifungua. Mwaka 1994 aliiuza ile nyumba ili asinyang'anywe, akalipa deni, akabaki na kiasi cha kununua redio. Alipanga chumba Changamwe mpaka alipostaafu.

Viatu vyangu vilidumu miaka miwili. Nilikuja kuielewa hesabu yake nikiwa chuo kikuu, katika somo la fedha za umma, na siku hiyo sikula chakula cha mchana. Ile noti haikuwa zawadi. Ulikuwa mkopo, nasi tulikuwa tumewekwa wadhamini bila kusaini popote, na aliyelipa ni yule pekee katika ukoo aliyekuwa na nyumba ya kulipia.

Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu watu huzungumzia riba kama mvua, kana kwamba inatoka juu na hakuna wa kuulizwa. Mara nyingi riba huwa imepitia mkutano wa hadhara kwanza.

Tangu hapo tumejaribu dawa nyingine. Agosti 2016, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, sheria ilitiwa sahihi ya kuzuia mabenki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Tulishangilia, mimi mmoja wao. Mabenki nayo hayakubishana, yalisema tu asanteni, yakapeleka pesa zaidi kwa serikali na kuwaacha wenye kazi za mkono na biashara ndogo nje ya mlango. Bei ya mkopo ilikuwa imeshuka lakini mkopo wenyewe haukuwepo, kama duka lililobandika "sukari nafuu" na rafu tupu. Novemba 2019 sheria ile ikaondolewa.

Kisha yakaja manifesto. Baada ya uchaguzi wa 2017 tuliambiwa nyumba 500,000 kufikia 2022. Mwaka 2022 wakaja wengine na nyumba 250,000 kila mwaka, na kwamba mikopo ya nyumba itapanda kutoka 30,000 hadi milioni moja, malipo yakiwa shilingi 10,000 kwa mwezi au chini yake. Hiyo 30,000 si tusi la wapinzani, ni hesabu ya kweli. Nchi hii yote, na watu wake zaidi ya milioni hamsini, ina mikopo ya nyumba ya benki takriban elfu thelathini. Mkiwakusanya wote hawaujazi Uwanja wa Kasarani.

Niruhusuni dakika mbili za kalamu. Ukikopa milioni 4 kwa miaka ishirini, riba ikiwa asilimia 14, utalipa karibu shilingi 49,700 kila mwezi. Ukimaliza utakuwa umelipa karibu milioni 12, yaani umejenga nyumba yako moja na mbili za benki. Kuna kampuni ya KMRC, iliyoanzishwa 2018, ambayo hukopesha mabenki na vyama vya akiba na mikopo pesa za muda mrefu ili nao wakopeshe kwa riba iliyo chini ya asilimia 10. Hilo nalisifu, na ningependa wenzangu wengi waulize kwenye vyama vyao. Kwa asilimia 9.5 mkopo ule ule unashuka mpaka karibu 37,300. Ni nafuu. Sasa turudi kwenye ile elfu kumi ya manifesto. Kwa asilimia 14 na miaka ishirini, elfu kumi kwa mwezi inabeba mkopo wa kama laki nane tu. Ukitaka elfu kumi hiyo hiyo ibebe nyumba ya milioni 1.8, lazima riba ishuke hadi asilimia 3. Na hakuna mwenye pesa duniani atakayekukopesha wewe na mimi kwa asilimia 3 kwa hiari yake. Lazima mtu mwingine ajazie pengo.

Mtu huyo mnamjua. Anaitwa ushuru wa nyumba, na makato yake ni asilimia 1.5 ya mshahara wote, mwajiri akiongeza kiasi hicho hicho. Mimi ndiye ninayeandaa mishahara pale ninapofanya kazi, kwa hiyo ushuru huu nimeishi nao kama mume na mke. Mara ya kwanza ulikuja mwaka 2018, mahakama ikausimamisha kabla sijakata hata senti. Ukarudi Julai 2023, nikakata. Novemba mahakama ikasema haufuati Katiba, nikaendelea kukata kwa sababu rufaa ilikuwa njiani, Januari 2024 ukasimama. Tarehe 19 Machi 2024 sheria mpya ikatiwa sahihi, nikaufungulia safu upya. Wafanyakazi walikuwa wananiuliza mimi, kana kwamba Bunge linakutana chini ya meza yangu.

Nyumba zenyewe sizibezi. Mei mwaka huu watu wa Mukuru, hapa Nairobi, walikabidhiwa funguo za nyumba 1,080, na aliyetoka kwenye mabati akaingia kwenye choo cha ndani sitamwambia asifurahi. Ninachosema ni kwamba sasa tunajua bei ya ahadi na jina la mlipaji. Mwalimu wetu kule Wundanyi anayepata 40,000 anakatwa 600 kila mwezi, na sidhani ana mpango wa kuzeeka Mukuru. Anachangia nyumba ya mtu asiyemjua. Huo nao ni undugu, hata kama hakuulizwa.

Huyu mwalimu angetaka kujenga kwake je? Hapo ndipo ninapotaka tutoke Nairobi twende nyumbani.

Benki itamuuliza hati ya ardhi. Hati ipo, iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, imefungwa kwa nailoni. Imetolewa miaka ya sabini. Jina lililo juu yake ni la babu, na babu tulimzika zamani. Taita yetu mnaijua: sehemu kubwa ya kaunti ni mbuga ya Tsavo, pale chini Mwatate ni mkonge, na sisi tumebanana milimani kwenye vipande ambavyo ukiangusha jembe linafika kwa jirani. Kila kipande kina wajukuu arobaini na jina moja la marehemu. Benki haikopeshi marehemu.

Wanasiasa wa Pwani wamegawa hati kwenye mikutano tangu tuzaliwe, na mwaka 2013 Rais Uhuru Kenyatta alikuja kuzigawa kwa maelfu. Ni jambo jema, hati ni hati hata ikitolewa na ngoma. Lakini sijaona mgombea akija na gari la matangazo kusema, "Nichagueni, nitawasaidia kufanya mirathi." Mirathi haina picha nzuri ya kupiga. Ni barua ya chifu, ni cheti cha kifo, ni ombi mahakamani, ni tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali na kungoja siku thelathini kama kuna mpinzani, kisha ni miezi sita kabla ya kuthibitishwa, kisha bodi ya ardhi, kisha saveya. Na kabla ya hayo yote ni ndugu kukaa meza moja na kukubaliana, jambo ambalo miezi sita mara nyingi haitoshi.

Kwa hiyo tunafanya tunachokijua. Tunajenga kwa pesa taslimu, Desemba hadi Desemba. Mwaka huu msingi, mwaka ujao mawe, wa tatu mtoto ameingia sekondari na nyumba inalala. Nimesikia wataalamu wakisema Waafrika hawana utamaduni wa mikopo ya nyumba. Sisi tunao, tofauti ni kwamba tunalipa miaka ishirini kwanza ndipo tunaingia. Riba yetu ni simiti iliyoganda kwenye mfuko na mbao zilizoliwa na mchwa.

Tena, tusemezane ukweli kwa kuwa tuko peke yetu: wengi wetu hapa tumejenga kule nyumba ya vyumba vitatu na sebule ambayo hatulali zaidi ya siku kumi kwa mwaka. Ukituuliza tutasema ni ya kustaafia. Ni ya mazishi. Tunaogopa waombolezaji waje kutoka Nairobi waukute mwili wetu umelazwa kwa ndugu. Ninayo yangu, ina vigae, na anayeishi humo ni mlinzi na popo.

Na mita mia nne kutoka kwenye vigae vyangu muuguzi wa zahanati hana pa kulala. Anapanga chini barabarani, na saa kumi jioni anafunga mlango awahi matatu ya mwisho. Zahanati yetu basi ina saa za afisi, na watoto wachanga hawajui saa za afisi. Februari mama mmoja alijifungulia njiani, juu ya pikipiki iliyokuwa ikimshusha hospitali. Mama na mtoto wako salama, mtoto amepewa jina la mwenye pikipiki. Tumelicheka hilo jina, nami nimelicheka. Lakini mwezi ule ule nilikuwa nyumbani, na usiku ule nilikuwa nimelala kwenye sebule yangu.

Sasa vitabu. Harambee ya Juni 2022 iliahidiwa shilingi 1,900,000. Mgeni wa heshima alikuwepo, na hema, na vipaza sauti viwili. Zilizofika ni 740,000, ndizo zilizotufikisha kwenye linta. Wagombea wanne waliahidi jumla ya 890,000, pamoja na mabati ambayo tuliyathaminisha kwa pesa. Wakaleta 90,000, na nasema asante kwa hiyo, risiti wanazo. Aliyeshindwa tulipomwendea alisema kura za wadi yetu hazikumfikia, basi na mabati yasitufikie. Aliyeshinda alisema tuandike barua. Tumeandika tatu.

Kwa hiyo katika vitabu vyetu, miaka mitatu sasa, kuna shilingi 800,000 zinazoonekana kama mali ya chama. Mgeni akisoma atasema hawa watu wana pesa. Hatuna, tuna maneno yaliyoandikwa kwa tarakimu. Naomba leo, Mwenyekiti, mkutano uniruhusu kulifuta deni hilo. Si kwa hasira, wala simkatazi mtu kumpigia kura anayempenda. Ni kanuni tu ya kazi yangu kwamba deni lisilolipika halikai kwenye vitabu likidanganya watu. Nataka ifikapo 2027, mtu akija na mabati kwenye lori, akute nyumba zimeshaezekwa, na mabati yake tumwonyeshe pa kuyapeleka, shule ya msingi inavuja.

Baada ya kufuta hiyo 800,000 zinabaki 360,000 ambazo hazijaletwa. Hizo ni ahadi zetu sisi, tulioketi humu na wenzetu wa Mombasa na Voi. Hizo sizifuti.

Fundi na mhandisi wamekadiria kumaliza nyumba zote mbili kwa 1,410,000, pamoja na tangi la maji. Wanachama wetu waliosajiliwa ambao wana mshahara ni 198. Kila mmoja akitoa 600 kwa mwezi, kiasi kile kile anachokatwa yule mwalimu, ni 118,800 kila mwezi. Kwa mwaka mmoja tunamaliza na zinabaki 15,600, ambazo naijua kamati itazipatia kazi. Na tukilipa kwanza ile 360,000 tunayodaiwa na nafsi zetu, mwaka unapungua kuwa miezi tisa. Kina mama watanisaidia kueleza kwamba miezi tisa si mingi kama una unachokingoja.

Sitaki hema. Nataka kila mtu aweke agizo kwenye simu yake, tarehe 28, pesa ziende kwenye akaunti ya chama, na taarifa nitaituma kwenye kikundi kila mwezi yenye majina na kiasi. Najua wapo wasiopenda majina. Wanaweza kulipa mapema wasiangaliwe.

Ningeweza kuishia hapo nikakaa. Lakini kuna jambo jingine, nalo limenifanya nichelewe kuikubali hotuba hii.

Hata tukichanga leo milioni zote, kaunti haiwezi kutuongezea muuguzi wa pili wala kuweka shilingi yake kwenye nyumba zile, kwa sababu ardhi si ya umma. Wametuambia hivyo kwa maandishi, na mimi kama mkaguzi ningeandika vivyo hivyo. Ardhi ile ilitolewa mwaka 1984 na mzee mmoja, kwa mdomo, chini ya mparachichi, mbele ya chifu na wazee wanane. Wazee wote wanane wamefariki. Mparachichi upo. Hati bado ina jina lake, na mzee huyo ni babu yangu.

Ndiyo. Mhasibu aliyewasimamia hapa robo saa kuzungumzia marehemu na hati, marehemu ni wake. Baba yangu alifariki 2009 akiwa ameniachia kazi hiyo. Nina shahada, nina afisi umbali mfupi kutoka mahakamani, na miaka kumi na sita sijapeleka ile barua ya chifu.

Tumeanza mwezi wa Aprili. Familia ilikaa. Watoto wa babu walio hai ni wanne, pamoja na sisi tuliosimama mahali pa baba. Baba mdogo, yule wa Mikindani, alipopewa karatasi ya kukubali nusu ekari iende kwa zahanati aliishika muda mrefu. Akaniambia, "Mwanangu, mara ya mwisho kuweka sahihi kwenye karatasi ya nyumba unajua yaliyonipata." Akataka nimsomee yote, hata yaliyo chini kwa herufi ndogo. Nikamsomea mara mbili. Akasaini, halafu akaomba kalamu abaki nayo.

Aliyebaki ni shangazi. Na kabla hamjaanza kumtazama vibaya, sikilizeni. Mwaka 1984 hakuulizwa, kwa kuwa alikuwa binti na alikuwa ameolewa. Sheria ya urithi inampa haki sawa na kaka zake. Anasema hana neno na zahanati, amejifungulia watoto wake bila zahanati na hataki wajukuu wapate shida ile. Anachotaka ni vigingi vya sehemu yake vipigwe kwanza, kabla ya zawadi ya mtu yeyote, ili zawadi isitoke upande wake peke yake. Nimezipitia ramani na hofu yake ina msingi. Saveya anakuja Jumamosi tarehe 13 Septemba, gharama yake ni ya familia, chama hakitaguswa. Vigingi vikipigwa amesema atasaini siku hiyo hiyo, hapo hapo shambani. Yupo hapa leo, safu ya pili. Naomba msimsogelee na kalamu.

Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha zile ahadi za 2022, kimepangwa kwa alfabeti. Ukurasa wa kwanza ameufungua tayari kwa sababu nilimwomba aanze na mimi: nadaiwa 24,000, na nimekuja nazo.